Nilimdanganya binti yangu kwenye rola kosta, na sasa anataka twende tena

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni baba wa miaka 47, na binti yangu wa miaka 13 hana akipendacho kuliko rola kosta, yaani ile treni ya burudani inayopandishwa juu ya reli zilizoinuka kama mlima kisha ikaachiwa iteremke kwa kasi ya kutisha. Anazijua kwa urefu, kwa kasi na kwa mwaka wa kufunguliwa, kama watoto wengine wanavyowajua wachezaji wa mpira.

Mwaka jana nilimpeleka kwenye bustani ya burudani, tukapanga foleni kwa muda wa saa moja na nusu tukizungumza na kucheka. Tulipofika jukwaani treni ilisimama mbele yetu, naye akaingia, akaketi, akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja ili nikae. Miguu yangu ilikataa. Nilitoa simu mfukoni, nikaiweka sikioni, nikajifanya nimepigiwa kutoka kazini, nikamwashiria kwa mkono kwamba aende tu, kisha nikapita nikatokea upande wa pili. Alipanda akiwa kando ya mtu asiyemjua. Aliposhuka aliniuliza, "Walikuwa wanataka nini kazini?" nami nikabuni jibu. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema mengi.

Sasa bustani ileile imefungua rola kosta mpya yenye urefu wa mita 60 kwenda juu, kasi ya kilomita 110 kwa saa na vitanzi viwili vinavyomgeuza abiria kichwa chini, miguu juu. Binti yangu ameniomba twende siku yake ya kuzaliwa, na ameniambia kwamba safari hii nisibebe simu.

Kuna jambo jingine. Tangu miezi minane iliyopita ninatumia vidonge vya shinikizo la damu. Mama yake anajua, yeye hajui, kwa kuwa sikutaka kumtia wasiwasi. Nimesoma maelezo ya rola kosta hiyo na nimeona yanawaonya watu wenye shinikizo la damu wasipande. Nikimwambia sasa, ataona ni kisingizio cha pili baada ya kile cha simu. Nikinyamaza nikapanda, naogopa yatakayonipata. Na hata kama mwili wangu ungekuwa mzima kabisa, akili yangu bado haikubali kwamba watu wanaweza kugeuzwa vichwa chini kwa kasi ile na treni isichomoke relini. Je, nijikaze nipande kimya kimya, au nimwambie ukweli nikubali aibu?

Baba aliyebaki jukwaani

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye swali la binti yako kuhusu kazini. Wewe umelichukua kama swali la mtoto aliyedanganyika. Mimi nadhani mtoto aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka kwako, akikutazama usoni wakati unatoa simu mfukoni, alijua kabisa kwamba simu hiyo haikulia. Alikuuliza ili akupe nafasi ya kumwambia ukweli, nawe hukuichukua. Na hilo sharti lake la safari hii, kwamba usibebe simu, linanithibitishia kwamba hajasahau. Hofu yako haikumuumiza. Kila anayependa rola kosta amewahi kuketi pembeni ya mtu anayetetemeka, na wengi wao huona fahari kumshika mkono. Kilichomuumiza ni kwamba ulimwacha aipande peke yake kisha ukampa habari ya uongo alipotaka kujua sababu.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kunyamaza ni la mkato: usipande kimya kimya. Onyo uliloliona halikuwekwa kwa mapambo. Treni inapoanza kuvutwa kwenda juu mapigo ya moyo huongezeka hata kabla ya mteremko wenyewe, damu husukumwa kwa nguvu, na baada ya hapo mwili hubanwa na kuachiwa mara nyingi katika muda wa dakika mbili hivi. Ndiyo maana mabango ya namna hiyo huwataja watu wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, matatizo ya shingo au mgongo, waliofanyiwa upasuaji karibuni, na wajawazito. Mtu ambaye shinikizo lake limedhibitiwa vizuri kwa dawa hayuko katika hali moja na mtu ambaye lake linapanda na kushuka, lakini si wewe wala mimi tunaoweza kusema uko upande gani. Anayeweza ni daktari anayekuandikia hivyo vidonge. Nenda kwake kabla ya siku ya kuzaliwa, umweleze waziwazi: urefu, kasi, vitanzi viwili, na dawa unayotumia kwa jina lake, kwa sababu zipo dawa za shinikizo zinazopunguza mapigo ya moyo na zipo zinazoweza kumfanya mtu apate kizunguzungu anapoinuka ghafla. Usimuulize kijuujuu kama unaweza kwenda kwenye bustani ya burudani, kwani atakujibu ndiyo akidhani unazungumzia kutembea na kukaa kwenye benchi. Na siku yenyewe ikifika, usiache kumeza dawa yako kwa kudhani kwamba utakuwa na nguvu zaidi bila hiyo.

Akikukataza, suala la kupanda limekwisha, na nakusihi usilifungue tena kwa sababu ya macho ya mtoto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sioni mahali pabaya zaidi pa kuumbuliwa kuliko kiti kilicho pembeni ya binti yako wa miaka 13 katika siku yake ya kuzaliwa.

Sasa nije kwenye hofu yako ya treni kuchomoka, kwa sababu ni hofu ya mtu mwenye akili timamu na inastahili kujibiwa kwa maelezo, si kwa kupigwapigwa mgongoni. Wewe unaifikiria treni ya kawaida, ambayo hukaa juu ya reli kwa uzito wake tu. Rola kosta haikai hivyo. Ukipata nafasi ya kuitazama kwa karibu inapokuwa jukwaani, inama kidogo uangalie mahali behewa linapokutana na reli: utaona magurudumu yanayobeba uzito juu ya reli, mengine yanayoikumbatia kwa ubavuni, na mengine madogo yaliyo chini yake kabisa, yakiwa yameitazama reli kwa chini. Hayo ya chini ndiyo yanayojibu swali lako. Behewa linapotaka kuinuka juu ya kilima, yenyewe huikwaa reli kwa chini na kulizuia, kwa hiyo ili treni itoke, chuma chenyewe kingelazimika kukatika. Mpango huo si wa jana. Fundi mmoja wa Marekani aliyeitwa John Miller aliusajili mwaka 1919, na tangu hapo wajenzi waliweza kuthubutu vilima vikali zaidi, kwa kuwa hawakutegemea tena uzito pekee.

Kuhusu vitanzi, hofu yako ina historia ya kweli nyuma yake. Mwaka 1895, huko Coney Island mjini New York, ilifunguliwa rola kosta iliyoitwa Flip Flap Railway yenye kitanzi cha mviringo kamili, na abiria walishuka wakilalamika shingo. Kosa lilikuwa katika umbo. Mviringo kamili humpokea mtu ghafla: sasa hivi yuko kwenye reli iliyonyooka, na mara ile anatupwa kwenye kona kali akiwa na kasi yake yote, huku mwili wake ukikandamizwa kitini. Dawa yake ilipatikana kwa kukipa kitanzi umbo la tone la maji lililogeuzwa, lenye mkunjo mpana chini na mkali juu. Treni inaingia taratibu mahali ilipo na kasi kubwa, kisha inageuzwa upesi kule juu ambako kasi yake imekwisha kupungua. Mjerumani Werner Stengel ndiye aliyetumia umbo hilo kwenye rola kosta ya Revolution, iliyofunguliwa mwaka 1976 katika bustani ya Magic Mountain huko California, na vitanzi vya leo hufuata wazo hilo. Utakapokitazama hicho kitanzi kipya ukiwa chini, utaona mwenyewe kwamba si duara. Na unapokuwa kichwa chini ndani yake, mwendo wenyewe ndio unaokusukuma kuelekea kitini, ndiyo maana watu wengi hawahisi kama wananing'inia hata kidogo.

Jambo jingine ambalo huwatuliza watu wa namna yako, nami nimeliona likifanya kazi, ni kuelewa sauti. Treni inapovutwa na mnyororo kwenda juu utasikia tak-tak-tak isiyokatika chini ya miguu yako, na mwoga yeyote huidhania kuwa ni kitu kilicholegea. Kumbe ni jino la chuma lililo chini ya behewa, linaloangukia kwenye meno yaliyopangwa kando ya mnyororo. Mnyororo ukikatika au umeme ukizimika, jino hilo hukwama kwenye meno na treni husimama palepale badala ya kurudi nyuma. Kila tak unayoisikia ni hatua ambayo treni haiwezi tena kuirudia. Ikitokea imesimama huko juu, na hutokea, usidhani kwamba mtambo umeshindwa. Reli imegawanywa vipande, na mitambo ya usalama hairuhusu treni iingie kwenye kipande ambacho treni nyingine haijatoka, kwa hiyo kuchelewa kidogo tu jukwaani kunaweza kuisimamisha ile inayofuata. Kando ya mteremko wa kupandia kuna ngazi, na wahudumu wanaweza kuwashusha abiria kwa miguu.

Baada ya kilele, hakuna injini. Hili huwashangaza wengi. Mnyororo ukishaiachia, treni inaendeshwa na mteremko peke yake, na ndiyo sababu vilima vinavyofuata kwa kawaida huwa vifupi kuliko cha kwanza: nguvu iliyokusanywa wakati wa kupanda hutumiwa kidogo kidogo, nyingine ikiliwa na upepo na msuguano, mpaka mwisho wa reli. Huko kwenye rola kosta nyingi za kisasa kuna breki za sumaku, ambazo hupunguza kasi bila kuigusa treni na bila kuhitaji umeme. Na asubuhi, kabla ya bustani kufunguliwa, mafundi hukagua reli na magurudumu, na treni huzungushwa tupu kwanza. Mvua kubwa ikinyesha au upepo mkali ukianza, wahudumu husimamisha safari, na abiria wanapolalamika mimi huwa upande wa wahudumu.

Nimezungumza na watu wengi walioipanda mara ya kwanza wakiwa wazima wa umri wako, na wengi wao hutaja kitu kimoja kama ndicho wanachokiogopa: ule moyo kupanda kooni. Nakuomba ukijue kabla hujakutana nacho. Unapokuwa umeketi hapo unasoma barua hii, tumbo na matumbo yako vinaegemea chini kwa uzito wake, nawe umezoea kiasi kwamba huhisi. Treni inapodondoka, wewe na kiti na vitu vyote vilivyo ndani yako mnadondoka pamoja, kwa hiyo vinaacha kuegemea, na ubongo unalipokea hilo kama ishara ya hatari. Ni hisia ya kitu kukosekana kuliko ya kitu kutokea, na hudumu sekunde chache. Bondeni huwa kinyume chake: uzito wako huongezeka mara tatu au hata zaidi kwa muda mfupi, hivi kwamba mtu wa kilo 80 huhisi kama ana kilo 240, mashavu yanavutwa chini na mkono unakuwa mzito kuinua. Hapo kaza mapaja na tumbo, usizuie pumzi. Ukitaka kupiga kelele, piga bila haya, kwa sababu anayepiga kelele analazimika kupumua.

Kuhusu kiti, mwombe binti yako mkae katikati ya treni. Yeye atataka mbele, kwa ajili ya kuona, au nyuma kabisa, na ana sababu yake: behewa la nyuma huvutwa juu ya kilele na mabehewa yaliyokwisha kuteremka, kwa hiyo abiria wake huzolewa kwa nguvu, wakati wale wa mbele huning'inia kidogo kwanza wakisubiri wenzao. Katikati ndiko kwenye upole. Fumbua macho. Najua mwili utakuomba uyafumbe, lakini kichefuchefu hutokana na sikio la ndani kusema tunageuka huku macho hayaoni kugeuka kokote. Egemeza kichwa kwenye kiti, tazama mbele kule reli inakoelekea, ili shingo ijue kona kabla haijafika. Uwe umekula kitu chepesi saa mbili hivi kabla. Tumbo tupu linasumbua karibu sawa na lililojaa.

Hata hivyo naona kilichokushinda mwaka jana kilikuwa foleni kuliko rola kosta. Saa moja na nusu ya kusikia watu wakipiga mayowe juu ya kichwa chako, bila cha kufanya kwa mikono yako, inamchosha hata shujaa, na ulipofika jukwaani ulikuwa umekwisha kuipanda mara hamsini akilini. Kwa hiyo usiianze siku kwa hiyo kubwa. Bustani nyingi za namna hiyo huwa na rola kosta ndogo ya watoto na wazazi. Anza nayo, irudie, kisha nenda kwenye ya wastani, ili hisia ya kudondoka uwe umekutana nayo ukiwa chini kabla ya kukutana nayo ukiwa juu. Watu waliopanda ile ya LaMarcus Thompson iliyofunguliwa Coney Island mwaka 1884 walikwenda kwa kasi ya kama kilomita 10 kwa saa, wakiwa wameketi kiupande kwenye benchi, na ilipendwa sana. Hakuna aliyezaliwa akianzia mita 60. Na mkifika jukwaani ukaona bado miguu imekataa, mwambie mhudumu kwamba hupandi. Hatakuuliza kwa nini, atakuonyesha pa kupitia tu. Tofauti ni kwamba safari hii utamwambia na binti yako, kwa mdomo wako, kabla hajaketi.

Umeuliza kama umwambie. Mwambie, tena wiki hii, wala usingoje siku ya kuzaliwa ifike mkiwa mmeshika tiketi. Unaogopa ataona shinikizo la damu ni kisingizio cha pili, na ataona hivyo kama utaanza nalo. Anza na simu. Mwambie kwamba siku ile hakuna aliyekupigia, kwamba uliogopa, na kwamba ulipoulizwa habari ya kazini ulidanganya mara ya pili. Nyamaza kidogo, umwache aseme lolote analotaka, hata likiwa chungu. Ndipo umwonyeshe vidonge vyenyewe, umwambie ulianza lini, na kwamba utamuuliza daktari. Mtoto anayekariri takwimu za rola kosta anajua mabango ya onyo yanasema nini kuliko wewe. Usishangae akikwambia asubuhi inayofuata kwamba hataki upande. Hapo mjibu kwamba uamuzi huo ni wa daktari, asije akaubeba yeye.

Na kama daktari atakataa, nenda naye vilevile. Simama naye kwenye foleni mpaka pale wasiopanda wanaporuhusiwa kufika, umshikie miwani na mkoba, kisha tafuta mahali penye uzio karibu na mwisho wa reli, ambapo treni hupita kabla ya kufika kwenye breki, na mkubaliane mapema akae upande gani ili akuone. Ikipita, mpungie mikono yote miwili, na utaweza, kwa kuwa simu utakuwa umeiacha nyumbani kama alivyokuomba.